Maswali yenu: kura za wajumbe na kura za wananchi Marekani

Hillary 2016 aliongoza kwa kura, mbona Trump ndo akaapishwa?

Hili nalijibu kila uchaguzi jamani, someni basi. Kura za wananchi kule zinachagua wajumbe 538 wanaomchagua rais, anayefikisha 270 ndo rais. Hillary alimzidi kwa kura karibu milioni 2.9 ila Trump akabeba majimbo yenye wajumbe wa kutosha. Na msiandike kwamba aliiba, sheria ilikuwa hiyohiyo tangu mwanzo, ubaya uko kwenye sheria yenyewe.

Jimbo linapata wajumbe wangapi?

Idadi ya wabunge wake, ongeza maseneta 2. Basi.

Wakitumia kura za wananchi majimbo madogo si yatasahaulika?

Kwani sasa hivi nani anayakumbuka? Wyoming haifiki watu laki 6 ina wajumbe 3, California ina watu kama milioni 39 na wajumbe 54, yaani mjumbe wa Wyoming anabeba watu chini ya laki 2 na wa California zaidi ya laki 7, na pamoja na upendeleo wote huo wagombea hawaendi Wyoming, wanapiga kambi Pennsylvania na Michigan kwenye ushindani. Kingine kinachoniuma, ukiacha Maine na Nebraska, mshindi wa jimbo anazoa wajumbe wote. 2020 Trump alipata kura milioni 6 California, nyingi kuliko alizopata Texas, hazikumpa mjumbe hata mmoja. Watu milioni 6! Mwaka huohuo Biden alimzidi kwa milioni 7 nchi nzima, lakini Trump angeongeza kura kama elfu 43 tu Arizona, Georgia na Wisconsin wangekuwa sare 269 kwa 269.

Kama hofu ni maeneo kusahaulika, Kenya wameshaonyesha njia: zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na 25% kwenye kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kura ya kila mtu inahesabika na bado lazima uzunguke nchi.

Mbona hawaufuti mfumo wenyewe?

Walijaribu. 1969 Bunge la Wawakilishi lilipitisha kwa 338 dhidi ya 70, 1970 maseneta wakaikwamisha. Kubadili katiba kunataka majimbo 38 yakubali, na wanaofaidika hawakubali.

Nina grini kadi, niko Ohio, naweza kupiga kura ya rais?

HAPANA. Mpaka uwe raia. Ukienda kuchukua leseni ya udereva wakikuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura sema hapana, na usisaini fomu hujaisoma, ukijiandikisha unaweza kushtakiwa na kurudishwa nyumbani.