Shoga yangu amenichora uso nisioujua

Assalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mwandishi wa hadithi, naishi Ng'ambo, Unguja. Shoga yangu mchoraji alianza kunichora mwezi wa Shaabani. Kazi ikiwa nusu nikaenda Wete kumuuguza mama. Kurudi, nakuta uso kaumalizia bila mimi. Si mimi yule! Kanizeesha, macho mazito, hata sugu ya kalamu kidoleni kaitia. Na picha kaitundika dukani kwake Mji Mkongwe, kila apitaye anaitazama. Tangu siku hiyo simpigii simu. Nifanyeje?

Waaleikum salaam, mwanangu. Hiyo sugu ndiyo iliyonikalisha kitako. Nani mwingine anayeijua? Hachori sugu ya kidole ila mtu aliyekaa nawe miaka, akikuangalia unavyoishika kalamu. Siamini kuwa mkono huo ulikusudia kukufedhehesha.

Na huo uso? Picasso, mchoraji wa Kihispania, alimchora rafiki yake Gertrude Stein, mwandishi wa Kimarekani, mjini Paris mwaka 1905 hadi 1906. Bibi yule alisimulia kuwa alikaa kuchorwa mara 80 au 90. Mwisho Picasso akaufuta uso wote, akaenda zake Hispania, na aliporudi akauchora upya bila kumwita. Watu wakasema haufanani naye. Mwenyewe aliipenda picha ile, akawa nayo mpaka alipofariki 1946, akaiusia makumbusho ya Metropolitan, New York. Kwa hiyo kumaliziwa uso ukiwa haupo sioni kuwa ni dharau. Huenda shoga yako kakuchora ulivyomkaa moyoni siku uliyomuaga, nawe mama yako mgonjwa. Macho yangekosaje kuwa mazito?

Lakini la dukani, hapana. Hapo kakosea, tena sana. Uso ni wako, angekuuliza kwanza. Nenda mwenyewe, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Usimtume mtu, wala usimwandikie ujumbe wa simu, hautakuwa na sauti yako. Mwambie: "Shoga, iteremshe, nipe nikae nayo." Itundike pale unapoandikia, si ukumbini, uishi nayo mwezi mzima. Ikiwa bado inakuuma, mrudishie na umwambie hivyo hivyo, isitundikwe tena mbele za watu. Akinuna, mwache anune siku mbili tatu.

Na mkikaa, msimulie habari za Wete. Barua yako nzima sijaona mahali ulipomwambia mama anaendeleaje.