Tangi Bichi Halifuati Tarehe ya Mteja

Vijana wangu mnaofunga matangi ya samaki wa maji ya chumvi, nawapenda, na ndiyo maana leo nawagombeza. Siku hizi naitwa tena na tena, kutoka Westlands hadi Karen hapa Nairobi, kuokoa tangi lililojazwa samaki kabla halijaiva, yaani kabla bakteria wa kusafisha maji hawajaongezeka, na kila mara fundi aliyelifunga hunieleza kwamba vipimo vyake vyote vilikuwa sawa. Sina shaka vilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba alipima tangi ambalo halikuwa na kiumbe hata mmoja.

1. Amonia, sumu itokayo kwa samaki na vitu vinavyooza, ikiwa sifuri katika tangi tupu haithibitishi lolote. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wenzao wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, huongezeka kwa kadiri ya chakula wanachopata, na pasipo samaki wala kitu kinachooza hawana cha kula. Tieni amonia hadi kipimo kifike miligramu 2 kwa lita, kisha mpime tena baada ya saa 24. Siku mtakapokuta amonia na nitriti zote mbili zimerudi sifuri huku nitrati imepanda, hapo ndipo mseme tangi limeiva. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria tayari, yakisafirishwa vizuri huipunguza, na bakteria wa chupa husaidia, lakini hakuna chupa inayowaondolea wajibu wa kupima.

2. Tarehe ya mteja isiwe tarehe ya samaki. Hili nalijua kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga tangi la lita 600 katika mkahawa mmoja hapa mjini, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuchapisha kadi za mwaliko wa ufunguzi. Nilijua kabisa kwamba tangi lilikuwa bichi. Ningeweza kumwambia afungue akiwa na mawe, mchanga na taa nzuri tu, lakini niliona haya, tena nilikuwa nimeshapokea malipo ya awali. Nikaagiza samaki kutoka Pwani, sanduku zima: samaki kangaja wa buluu, samaki vipepeo, Amphiprion (wale wadogo wenye milia wanaoishi na anemoni) na kundi la samaki wadogo wa kujazia nafasi. Wote wakaingia jioni moja.

Siku ya sherehe walikuwa bado wanang'aa, na hilo ndilo linalowadanganya wengi wenu, kwa sababu amonia huchukua muda kujikusanya. Watoto wa mwenye mkahawa waliwalisha mkono kwa mkono bila mtu wa kuwazuia. Usiku uliofuata umeme ukakatika, pampu zikanyamaza, na nilipofika asubuhi samaki wote walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, matamvua yakienda mbio. Mhudumu mmoja alikuwa akiwapiga picha, akaniambia kwa furaha kwamba wamekuja kumsalimu. Nilitia matone katika kichupa cha kipimo, na kimiminika ambacho kingebaki cha manjano kikageuka kijani kibichi mbele ya macho yangu.

Elewani kilichokuwa kikitendeka mle ndani. Maji ya bahari huwa na pH (kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi hupungua) ya 8.1 hadi 8.4, na katika hali hiyo sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu kali huzidi mara 10 ile ambayo ingekuwapo katika maji ya pH 7, kwa hiyo kipimo ambacho samaki wa maji yasiyo na chumvi angekivumilia humwua kangaja. Juu ya hayo, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na maji yaliyokorogwa vyema hapa hushika oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko maji kama hayo yakiwa Mombasa. Samaki walikuwa wakigombania hewa hiyo haba na bakteria wale wale niliokuwa nikiwategemea, huku sumu ikiwaharibu matamvua ya kuivutia.

Dawa ilikuwa kubadilisha maji mengi, mara moja. Sikuwa hata na ndoo moja ya maji ya chumvi yaliyo tayari. Nilisimama jikoni mwa mkahawa nikikoroga chumvi katika mapipa ya kuhifadhia unga, na kabla haijayeyuka kangaja alikuwa amelala ubavu mchangani, buluu yake imegeuka kijivu. Wengi walimfuata. Nilirudisha fedha zote, na mteja yule hajaniita tena, wala simlaumu.

3. Msifungue tangi lolote kama hamna akiba ya maji ya chumvi, angalau robo ya ujazo wake, yaliyokorogwa tangu jana na kupimwa uzito wa 1.026 ukilinganishwa na maji matupu, kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi.

4. Mfuko uliosafiri usiku kucha kutoka Pwani msiudondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima ati samaki azoee. Samaki amekwisha kutoa kabonidioksidi na amonia humo. Kabonidioksidi hushusha pH na kuifanya amonia isimdhuru sana, lakini mkiufungua mfuko, gesi hiyo hutoka, pH hupanda na sumu huamka. Sawazisheni joto mfuko ukiwa umefungwa, fungueni, mumhamishe samaki upesi katika maji ya karantini mliyokwisha kuyalinganisha na chumvi ya mfuko, na maji ya mfuko yaende shimoni.

5. Karantini ni wiki nne au zaidi, hasa kwa kangaja, kwani Cryptocaryon, kimelea wa madoa meupe, akishaingia katika tangi la maonyesho, wafugaji wengi huliacha bila samaki kwa siku 76 ili afe kwa kukosa wa kumshambulia.

6. Baada ya tangi kuiva, tieni samaki mmoja au wawili wadogo, wapole kwanza na wagomvi mwisho, mngoje wiki mbili, mpime, ndipo muongeze. Najua mtakapokwama: muuzaji atawaambia, “Bosi, ukichukua wote kumi nakupunguzia.” Chukueni punguzo hilo. Lipeni wote kumi, kisha mkubaliane abaki nao katika matangi yake awape wawili wawili, na ambaye atakufa kabla hamjamchukua awe hasara yake. Mwenye samaki wazima hulikubali sharti hilo, labda kwa kuongeza fedha kidogo za chakula. Akianza kuwaharakisha muwabebe wote leo leo, dai fedha zako, uende kwa mwingine.