"Babu si kuku": kufa, kufariki na kufiwa

Swali: Msomaji wetu wa Morogoro anaandika: "Babu yetu alipoondoka duniani, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwajulisha ndugu. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: 'Jamani, babu amekufa leo alfajiri.' Hata dakika haikupita, shangazi akanijibu: 'Babu yako si kuku. Kuku ndiye hufa, mtu hufariki.' Binamu yangu, akitaka kuokoa jahazi, akaandika upya: 'Babu amefiwa leo alfajiri.' Nusu ya ukoo ikaanza kuuliza ni nani tena aliyemfia babu. Tafadhali, nani alikuwa sahihi?"

Jibu: Pole kwa msiba, ndugu yangu, na pole pia kwa kukemewa mbele ya ukoo mzima. Aliyekosea lugha hapo ni binamu peke yake, na nitamrudia. Wewe na shangazi mna ugomvi wa aina nyingine.

Kufa si tusi. Ni neno la Kibantu la tangu na tangu. Mganda anasema okufa, Mzulu ukufa, Mshona kufa vilevile kama sisi. Methali zetu zinalitumia bila kuona haya: sikio la kufa halisikii dawa, kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Jaribu kusema "sikio la kufariki" uone watu watakavyokutazama.

Kufariki ni mgeni aliyekuja na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuachana, kutengana. Ndugu zake unawajua: kufarakana, mfarakano. Ndiyo maana usemi kamili ni kufariki dunia, yaani kuachana nayo. Siku hizi "amefariki" peke yake inatosha na sioni sababu ya kumsahihisha mtu, ila ukilijua hilo utaelewa kwa nini neno linasikika laini: linazungumzia safari na kuagana, wala halimgusi maiti. Kuaga dunia kumejengwa kwa wazo lilelile.

Kilichoishusha hadhi kufa ni kazi nyingi tulizoipa. Betri inakufa, injini inakufa, mguu unakufa ganzi, chama cha akiba na mikopo kinakufa, kijana anakufa kwa binti wa jirani, na sisi sote tunakufa kwa kicheko. Neno lililotumwa kote huko haliwezi kurudi nyumbani na nguo safi. Kufariki limebaki ndani, halijatumwa dukani. Kwa hiyo shangazi aliposikia "babu amekufa" alisikia betri, na siwezi kumlaumu. Ninachokataa ni ile kanuni yake ya kuku. Kanuni hiyo ikiachiwa inazaa mambo ya ajabu: utakuta habari moja, ya mwandishi mmoja, inasema majambazi wawili "wamekufa" na askari mmoja "amefariki dunia", kana kwamba kitenzi ni nishani ya kuwavisha wema na kuwanyima wabaya.

Tena upole una gharama zake. Waliosoma Injili ya Yohana, sura ya 11, wanakumbuka: Yesu anawaambia wanafunzi kwamba rafiki yao Lazaro amelala. Wanafunzi wanafurahi, kama amelala, basi atapona. Ikabidi awaambie waziwazi: "Lazaro amekufa." Sijui mfano bora kuliko huo wa tafsida iliyogonga mwamba. Daktari anayewaambia ndugu kwamba mgonjwa "ametutoka" wakati wao wanafikiri amehamishiwa wodi nyingine hajawastahi.

Na kama shangazi anataka shahidi wa upande wa fasihi, mpeleke kwa Shaaban Robert. Alipofiwa na mkewe alimtungia shairi ambalo wengi tulilikariri shuleni, nalo linaanza: "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Huyu ni mtu aliyekuwa na maneno yote ya heshima mkononi, anamlilia mke wake mwenyewe, na anamwambia ana kwa ana: kufa. Halikusikika kama betri kwa sababu limekaa katikati ya maneno mawili yanayolishikilia. Umejitenga ni lawama ya mpenzi, kama vile Amina kahamia chumba kingine. Umetangulia ni zaidi: anayetangulia ana wanaomfuata, kwa hiyo asemaye neno hilo anajiweka mwenyewe kwenye foleni. Nadhani ndiyo sababu "ametangulia mbele ya haki" imekubalika kwetu mpaka kwa wasio Waislamu, ingawa wengi wanadhani haki hiyo ni ya mahakamani. Al-Haqq ni moja ya majina ya Mwenyezi Mungu.

Sasa binamu. Kosa lake ni dogo kwa herufi, kubwa kwa maana, nami nalipenda kwa sababu linatufungulia mlango wa neno ninaloliona bora kuliko yote katika jamii hii.

Chukua kufa. Uliongeze kiambishi cha kutendea upate kufia. Kufia kuna kazi zaidi ya moja. Linataja mahali: Mwalimu Nyerere alifia London tarehe 14 Oktoba 1999. Linataja sababu: wapo waliofia nchi. Na linamtaja mtu ambaye kifo kimemwangukia bila yeye kufa: amenifia. Hilo la mwisho ligeuze kauli ya kutendwa, upate kufiwa. Kwa hiyo anayefiwa yu hai. "Nimefiwa na mama" maana yake mama ndiye aliyekufa, mimi ndiye niliyebaki. Na hiyo "na" hapo inamtambulisha aliyelifanya tendo, kama katika "amekimbiwa na mke" au "tumeingiliwa na wageni". Usiidondoshe. "Nimefiwa mama" nalisikia sana mitaani na bado linanikwaruza.

Binamu alipoandika "babu amefiwa" alimfufua babu na kumtafutia maiti mwingine. Ndugu waliouliza ni nani aliyemfia walikuwa wakijua Kiswahili.

Nililielewa neno hili kwa uzito wake mwaka aliofariki baba yangu. Baba mdogo alinipigia simu: "Mzee amezidiwa kidogo, fanya uje." Hiyo "kidogo" ndiyo iliyoniambia. Nikapanda basi la Tanga la asubuhi. Nilipokata kona ya nyumbani nikaona turubai la bluu, viti vya plastiki vya kukodi, na wanaume wamekaa kimya wakitazama chini. Hakuna aliyetamka kufa wala kufariki. Walisema pole, nami nikaitikia. Ndani, bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa ameketi mkekani, khanga kaifunga kichwani. Akanishika kifundo cha mkono, akasema, "Baba yako amenifia."

Bibi hakuwahi kukaa darasani. Lakini angalia alichokifanya na kitenzi kile. Toa -ni-, toa na ile -i- ndogo inayofuata f, utabaki na "amefa". Rekebisha, iwe "amekufa". Hiyo ni taarifa tu, hata mpita njia angeweza kuitoa. Mama aliyebaki bila mwanawe yumo katika silabi hizo mbili. Tuna mjane kwa aliyefiwa na mume, mgane kwa aliyefiwa na mke, yatima kwa aliyefiwa na wazazi. Aliyefiwa na mtoto ndiye tunayemwita mfiwa tu, kama wafiwa wengine.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama tangazo lile liitwe tanzia au taazia. Yote mawili yametoka kwa neno moja la Kiarabu, la kufariji. Kwetu tanzia ni taarifa ya kifo, kama zile za redioni zenye "habari ziwafikie", na wanafasihi wameichukua kuiita tamthilia ya huzuni. Taazia ni maneno ya kuwafariji wafiwa, na magazeti huliita hivyo pia andiko la kumkumbuka marehemu. Ulichokiandika wewe ni tanzia.

Likitokea tena, na Mungu aepushe mbali, andika hivi: "Ndugu zangu, tumefiwa na babu leo alfajiri. Taratibu za mazishi zitawafikia." Kufa imo humo ndani, ila imewekwa upande wenu mliobaki, wala babu hajalinganishwa na kiumbe yeyote wa bandani. Shangazi hatakuwa na la kukusahihisha. Atauliza tu mazishi ni saa ngapi.