Maswali na majibu ya lugha: "Gift" ni zawadi, sumu au ndoa?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia neno moja, kwa hiyo nazijibu pamoja.

Kopo la dawa ya panya kutoka Ujerumani limeandikwa "Gift". Wamekosea?

Hawajakosea. Kwa Kijerumani "Gift" ni sumu. "Rattengift" ni sumu ya panya, "Giftschlange" ni nyoka mwenye sumu, "Gegengift" ni dawa ya kuondoa sumu mwilini. Zawadi wao huiita "Geschenk". Ukikuta "giftig" kwenye lebo, weka kopo mbali na watoto na usibahatishe maana kwa Kiingereza ulichonacho.

Shina lake ni kitenzi cha kutoa: "geben" kwa Kijerumani, "give" kwa Kiingereza. Zamani Wajerumani nao walisema "gift" wakimaanisha kutoa, au kitu kinachotolewa. Maana iligeuzwa na lugha ya tiba. Wagiriki walikuwa na "dosis", yaani kutoa, na matabibu wakaitumia kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kikalichukua neno hilo, Wajerumani wakalifasiri kwa neno lao la kutoa. Sumu nayo ni kitu ambacho watu hawapendi kukitaja waziwazi, kwa hiyo "alichopewa" kikawa tafsida yake. Wafaransa walipita njia hiyohiyo: "poison" yao ni "potio" ya Kilatini, kinywaji tu.

Maana ya zamani imesalia kwenye "Mitgift", mali ambayo binti hupewa kwao anapoolewa. Hapa watafsiri wengi huandika "mahari", na ni kosa kubwa. Mahari hutoka upande wa mume. "Mitgift" hutoka kwa wazazi wa bibi harusi. Ukichanganya, umebadilisha anayelipa na anayepokea. Andika "mali aliyopewa binti na wazazi wake", hata kama ni maneno mengi. Angalia pia neno dogo linalotangulia nomino: ni "die Mitgift", lakini sumu ni "das Gift".

Je, "dozi" yetu inahusiana na hiyo "dosis"?

Ndiyo, ni neno lilelile, limetufikia kupitia Kiingereza. Mwaka 1538 tabibu Paracelsus aliandika kwa Kijerumani kwamba vitu vyote ni sumu na kipimo ndicho kinachoamua; "Gift" na "Dosis" zilikaa pamoja katika hoja moja.

Kwa kuwa Kiingereza kimetoka kwenye Kijerumani, kwa nini "gift" yao haina sumu?

Swali hili linarudi kila mara, na kosa lake ni lilelile. Kiingereza hakikutoka kwenye Kijerumani. Ni ndugu, mama yao ni mmoja. Kiingereza cha kale kilikuwa na "gift" iliyotamkwa kwa sauti ya "y" mwanzoni, na maana yake ilikuwa mahari, safari hii mahari hasa. Katika umbo la wingi ilimaanisha harusi. "Gift" ya leo, yenye "g" nzito, ililetwa na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza.

Ni kweli Waswidi huita ndoa sumu?

Si kweli, na ninaomba mwache kuisambaza picha inayodai hivyo. Kwa Kiswidi "ett gift" ni sumu, nomino. "Gift" kivumishi ni mtu mwenye ndoa. Asili yake ni "aliyetolewa", kama binti anavyotolewa kwao. "Han är gift" ni ameoa, "hon är gift" ni ameolewa: neno moja kwa wote wawili. Wingi huzitenga: wenye ndoa ni "gifta", sumu ni "gifter". Maana ya sumu iliingia kwa athari ya Kijerumani. Kidenmaki na Kinorwe nazo zina maana zote mbili.

Na Kiholanzi?

"De gift" ni mchango au zawadi. "Het gif" au "vergif" ni sumu. Lakini "giftig" ni chenye sumu. Herufi "t" isikudanganye.

Binti yetu anaitwa Gift na anakwenda kusoma Ujerumani. Abadili jina?

Asibadili. Akiulizwa, aseme ni la Kiingereza na maana yake ni zawadi. Ila mkimtumia zawadi kwa posta, juu ya kifurushi andikeni "Geschenk".