Friji jipya limeongezwa gesi mara mbili na limekufa tena: naweza kudai pesa zangu?

Swali: Habari za kazi, wakili. Wiki tano zilizopita nilinunua friji jipya la milango miwili. Siku ya tisa likaacha kupoza, ingawa taa inawaka na mota inanguruma mchana na usiku. Nikapiga simu dukani, wakaniambia hayo si mambo yao tena, niwatafute watu wa waranti. Fundi wao akaja, akaongeza gesi, likapoza siku kumi na mbili kisha likarudi palepale. Akaja tena, akaongeza tena, na wiki hii limekufa mara ya tatu. Nimewaambia dukani nataka pesa zangu, wakaniwekea kidole chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi." Kadi ya waranti nayo inasema watatengeneza tu. Je, nina haki yoyote, au niendelee kusubiri gesi? Jirani yangu ni fundi, anasema akilifungua atalimaliza kwa saa moja.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Kabla ya yote, jirani asiliguse. Sababu nitakupa mbele.

Haki unayo, tena kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye kadi. Tatizo ni kwamba ulielekezwa kwa mtu asiye sahihi. Jiulize: pesa yako aliipokea nani? Aliyeipokea ndiye mliyefunga naye mkataba, na ndiye anayewajibika kwako kwanza. Waranti ni ahadi ya ziada, mara nyingi ya mtengenezaji, inayokaa juu ya haki ulizopewa na sheria. Haizifuti. Duka likikwambia "nenda kwa watu wa waranti" linakuelekeza kwenye mlango wa pili huku likifunga wa kwanza, na wengi huenda bila kuuliza kwa sababu kadi ina mhuri na rangi nzuri.

Mlango wa kwanza ni wa zamani sana. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893 iliweka masharti ambayo huingia kwenye mkataba yenyewe, hata kama hakuna aliyeyataja: muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo anapaswa kukupa kitu chenye ubora wa kuuzika, kinacholingana na maelezo yake, na kinachofaa kwa kazi uliyomweleza kuwa unakinunulia. Nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Waingereza ziliyanakili masharti hayo karibu neno kwa neno. Sheria za siku hizi zimekwenda mbali zaidi. Uingereza, kwa sheria yake ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za kukataa kitu kibovu na kudai pesa yote. Baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja tu ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana mnunuzi anaweza kukikataa au kubaki nacho kwa bei iliyopunguzwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinambana muuzaji kwa miaka miwili. Afrika Kusini, sheria ya 2008 inampa mnunuzi miezi sita, na ndani ya miezi hiyo ni yeye anayechagua: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Kikitengenezwa, kisha ndani ya miezi mitatu kasoro ileile ikarudi au ikajitokeza nyingine, muuzaji hana budi kubadilisha au kurudisha pesa.

Mahali ulipo ndipo panapoamua ni ipi kati ya hizo inakuhusu, ila friji lisilopoza siku ya tisa linaanguka kwenye mtihani wa zote. Kazi yake ni moja tu.

Sasa yale maandishi ya risiti. Hapa watu wengi hukata tamaa bure. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1940 ninayoipenda. Mtu mmoja alikodi viti vya ufukweni, akalipa, akapewa tiketi, akaitia mfukoni bila kuisoma. Alipokaa, turubai la kiti likachanika, akaanguka na kuumia. Baraza la mji lililokodisha viti likasema: geuza tiketi, nyuma tumeandika kwamba hatuwajibiki kwa ajali. Mahakama ya Rufani ilikataa. Tiketi ile ilikuwa risiti tu, ushahidi kwamba amelipa, na mtu wa kawaida hategemei kukuta masharti ya mkataba kwenye karatasi ya namna hiyo.

Risiti yako ni tiketi ile. Uliipokea baada ya kulipa, yaani mkataba ulikuwa umeshafungwa. Muuzaji hawezi kurudi nyuma na kuchomeka sharti jipya kwa wino mdogo. Angekuwa amelibandika ukutani mbele ya macho yako, au umesaini kabla ya kulipa, ningekuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu sheria za zamani ziliruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa yale masharti ya ubora. Lakini sheria nyingi mpya za kumlinda mlaji zimelifunga hata dirisha hilo. Pia tofautisha: "hairudishwi" ina maana kwa mtu aliyebadili mawazo, aliyeona rangi haiendani na jiko lake. Huyo muuzaji anaweza kumkatalia. Wewe hujabadili mawazo, umepewa kitu kibovu.

Tuje kwenye gesi, maana hapo ndipo kesi yako iliponona.

Gesi ya friji haitumiki kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kiwandani, ileile, miaka nenda rudi. Ikipungua, maana yake ni moja: imevuja. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu na kuliziba ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, ndiyo maana likapoza siku kumi na mbili na kuacha. Mota kunguruma bila kupumzika kunaendana na hilo: inasukuma kilichobaki, ubaridi haufikiwi, haipati ishara ya kujizima.

Kwa hiyo fundi wao, bila kukusudia, amekuandalia ushahidi. Alipokuja aliandika chochote? Kwa kawaida huacha nakala ya fomu ya kazi yenye tarehe, namba ya mashine na alichofanya. Kama ina maneno "imeongezwa gesi", ihifadhi pamoja na risiti. Kama hukupewa, waandikie uombe nakala za ziara zote mbili. Karatasi mbili zinazosema friji jipya limeongezwa gesi ndani ya mwezi mmoja ni ngumu kupangua, na zimetoka upande wao.

Najua watakachojibu. Watasema umeme wa kwako ni mbovu. Umeme mbovu huua mota au vifaa vya kuiwashia, hautoboi bomba. Mota yako inafanya kazi. Watasema ulikwangua barafu kwa kisu ukatoboa ukuta wa ndani. Hilo kweli hutokea, na mabomba mengine hupita nyuma tu ya ukuta ule, kwa hiyo piga picha za ndani leo, za karibu, kila upande, zionyeshe hakuna mkwaruzo. Tena siku tisa ni chache mno kwa barafu ya kukwanguliwa. Watasema lililazwa njiani. Waulize nani alilisafirisha. Kama ni gari lao, jibu wanalo wenyewe.

Ongeza ushahidi mmoja ambao hauhitaji fundi. Tia kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iweke rafu ya katikati, acha usiku mzima mlango ukiwa umefungwa. Friji lisilo na kasoro linapaswa kusoma karibu nyuzi 4 za Selsiasi, na sehemu ya kugandisha karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Piga picha ya kipimo asubuhi, na nyingine ya kibandiko chenye modeli na namba ya mashine. Kisha lizime na uache kulitumia. Mtu anayesema kitu ni kibovu huku anaendelea kukitumia miezi mitatu humpa mwenzake hoja.

Kisha uliandikie duka. Si simu. Simu zako zote hizi zimepotea hewani, na hilo ndilo kosa pekee ulilolifanya. Sheria za mtindo wa 1893 zina mtego: ukikaa na bidhaa muda wa kutosha bila kusema unaikataa, unahesabiwa umeikubali, na hapo huwezi tena kuirudisha, unabaki na madai ya fidia tu. "Muda wa kutosha" ni kiasi gani? Hutegemea kitu chenyewe na mazingira. Siku ulizomsubiri fundi wao zinakutetea kwa sababu ni wao waliozitumia, ila usiongeze wiki nyingine kimya. Na usiandike "naomba mliangalie friji langu", maana wataliangalia kweli. Neno linalofanya kazi ni "nalikataa." Unaweza kuandika hivi:

"Tarehe … nilinunua kwenu friji hili, namba ya mashine … Siku ya tisa liliacha kupoza. Liliongezwa gesi tarehe … na tarehe …, na limeacha tena tarehe … Halifai kwa kazi yake, na kwa barua hii nalikataa. Nadai kurudishiwa bei yote niliyolipa ndani ya siku 14. Friji limezimwa na lipo kwangu. Mnaweza kuja kulichukua au kulikagua siku yoyote ya kazi."

Siku 14 ni pendekezo langu. Hakimu akizisoma hataona umemkimbiza mtu. Ukipendelea jipya badala ya pesa, andika hivyo, lakini chagua moja. Tuma kwa njia inayoacha alama: barua pepe, ujumbe wa simu, au barua uliyogongewa mhuri wa kupokelewa. Sentensi ya mwisho usiiondoe. Kwa sheria ileile ya 1893, mnunuzi mwenye haki ya kukataa halazimiki kuibeba bidhaa kuirudisha. Inatosha kumjulisha muuzaji. Kwa hiyo wakikwambia "lilete hapa kwanza ndipo tuzungumze", gharama ya gari si yako kuibeba kimyakimya. Ukiibeba, weka risiti uidai. Vivyo hivyo vitu vilivyooza ndani au dawa zilizoharibika: vipige picha kabla ya kuvitupa.

Kimya kikizidi, peleka malalamiko kwa mamlaka ya kumlinda mlaji au ya ushindani wa haki ya nchi yako, kisha mahakama ya madai madogo kama ipo. Sitakaa sana hapo, kwa sababu kwa uzoefu wangu maduka mengi hulainika yakiona barua yenye tarehe nne na neno "nalikataa".

Jambo la pembeni, kwa siku utakapopokea jipya. Wabebaji watakuletea karatasi ya kupokelea mzigo yenye maneno "imepokelewa ikiwa katika hali nzuri". Mimi, na uwakili wangu wote, niliwahi kusaini karatasi hiyo kwa mashine ya kufulia iliyokuwa bado ndani ya boksi. Nilipofungua, ngoma ilikuwa imepinda, na duka likanionyesha saini yangu. Nililipwa, lakini baada ya barua tatu ambazo hazikuwa na haja. Siku hizi naandika juu ya saini: "Imepokelewa, haijafunguliwa."

Sasa jirani. Akilifungua, kila tundu litakalopatikana baadaye litakuwa "tundu la fundi wako", na kadi nyingi za waranti hufa palepale fundi asiyeidhinishwa anapogusa mfumo. Kuna jambo zito zaidi. Angalia kibandiko kilicho ndani au kwenye kompresa, yaani ile mota, kwa nyuma. Ukiona R600a, hiyo ni isobyuteni, gesi inayowaka kama ya kupikia. Kuna makumi machache tu ya gramu mle, lakini bomba likichomelewa kwa moto kabla halijaondolewa gesi yote, hizo chache zinatosha kumuunguza mtu usoni. Kama anataka kukusaidia, aje asubuhi ile ya kipimajoto, asome mwenyewe, asikilize mota, aandike alichokiona na kusaini jina lake. Bisibisi aiache nyumbani.