Re: kayaki fupi ama ndefu ya kuenda nayo Naivasha?
Boss, umeuliza uchukue kayaki (ile boti ndogo nyembamba ya kupiga kasia) ya mita 3 ama ile ya mita 4 na kitu. Mimi nilijaribu tatu kabla ninunue, zote Naivasha, na ile fupi nilidhani ndio yangu juu inageuka haraka, kumbe ukipiga kasia upande huu pua inaenda kule, ukipiga ule inarudi huku, unayumba kama mtu ametoka kwa mama pima, na mchana upepo wa ziwa ukianza ndio utajua hujui. Ile nyembamba ya sentimita 60 inakimbia kweli lakini nilikaza mapaja saa nzima kama nimebebwa na nduthi ya mlevi.

Nikachukua ya mita 3.8, upana sentimita 75, zile za kukaa juu yake si ndani, ikipinduka unapanda tu tena, maji yanatoka yenyewe kwa vitundu vya chini.

Kitu watu hawasemi ni uzito, yangu ni kilo 27 na kuipandisha kwa keria ya Probox pekee yangu, wacha tu. Iinue kwanza kabla utume pesa. Na life jaketi usiache, alafu kaa mbali na matete, kiboko hana mchezo.