Sikilizeni neno "bure"

Ndugu zangu mnaoanza kusikiliza vijana hapa Goma,

Mwaka wangu wa kwanza nilijaza daftari kwa matukio: huyu amekimbia vita, yule nyumba yao ilimezwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2021. Nilisahau kuandika jinsi kila mmoja alivyojieleza yaliyompata.

Kijana mmoja wa Birere alianguka mtihani wa taifa. Alikaa mlangoni amekumbatia bidoni tupu, akasema: "Mimi ni mtu bure. Watu wote wananicheka. Hata nikirudia, nitaanguka tena." Nafsi yake, watu wake, kesho yake: vyote vitatu amevifungia mlango. Daktari Aaron Beck wa Marekani aliueleza utatu huo tangu miaka ya 1960, baada ya kuwasikiliza wagonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Baadaye, huko huko Marekani, wanafunzi wapya wa chuo kikuu walifuatiliwa kwa miaka. Waliozoea kuwaza hivyo ndio walioshikwa na sonona zaidi, hata miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kuiugua hapo kabla.

Mimi nikamjibu: "Acha mawazo mingi, mshukuru Mungu." Akabeba bidoni yake, akaenda. Majuma matatu sikumwona. Hadi leo jibu lile linaniuma, maana alisikia kwamba hata huzuni yake ni kosa.

Aliporudi nilimwuliza bidoni ni ya nani. Ya mama mzee jirani yao, anamchotea maji ziwani kila asubuhi. "Mama huyo naye atasema wewe ni mtu bure?" Alinyamaza sana, akizungusha kifuniko. "Yule hapana." Basi. Tukaanzia hapo, kwa shahidi mmoja. Msibishane na kijana. Mtafuteni shahidi katika maisha yake mwenyewe.

Lakini msimwambie mwenye njaa kwamba shida ni mawazo yake. Njaa ni njaa, na vita ni vita. Kinachotuhusu ni lile "siku zote" na "bure" analojiongezea juu yake.

Huzuni, au kutopendezwa na chochote, ikidumu majuma mawili karibu kila siku, na usingizi na kula vikaharibika, mpelekeni kituo cha afya. Akisema afadhali kufa, mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake hata dakika moja. Mwiteni mtu wa nyumbani anayemwamini, mwende naye kwa muuguzi siku hiyo hiyo.